Umaarufu hauna mbalamwezi

Watu wa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, wanaijua kalenda ya mwezi bila kushika simu. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukijaa, taa haivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani. Siku hizo za mbalamwezi, kama wiki moja mpaka siku kumi, ndizo za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kulipana madeni, kulala usiku na kukaa na watoto. Wakulima wa Usukumani nao walikuwa na mpangilio wao. Ngoma kubwa zilichezwa baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, vikipiga kwa wakati mmoja, kila upande ukijaribu kuvuta watu kutoka upande wa pili, kama inavyofanyika mpaka leo kwenye tamasha la Bulabo, Bujora, kila Juni. Mvua zikikaribia, manju, kiongozi wa ngoma, alirudi kwenye jembe lake. Jina lilibaki, lakini mwili na familia vilipata nafasi.

Msanii wa leo anayetafuta kutoboa hana giza wala mbalamwezi. Simu inaita Januari mpaka Desemba, na siku asiyoposti anahisi amesahaulika. Sisi tunaofanya kazi na wasanii hapa Mwanza, studio, jukwaani na kwenye hesabu, tunajua kwamba gharama zinazowavunja si biti wala video. Hizo zina bei, na ukishalipa umelipa. Zinazovunja ni zile ambazo hakuna anayeziandika kwenye daftari.

Tuanze na ile inayoumiza zaidi, hela ya nyumbani. Mtaji wa kwanza wa msanii kijana mara nyingi hautoki kwa mdhamini wala kwa promota. Unatoka kwa mama, na mama ameutoa kwenye kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Vikundi vingi vinamruhusu mwanachama kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake, kwa riba, na wenzake wawili au watatu wanamdhamini. Marejesho kwa kawaida ni miezi mitatu. Sasa weka wimbo pembeni ya miezi hiyo mitatu uone. Wimbo unapopandishwa mtandaoni kupitia msambazaji, yaani kampuni inayoufikisha kwenye majukwaa ya kusikiliza, ripoti ya mapato huchelewa miezi miwili au mitatu baada ya watu kusikiliza. Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube haitoi mgao wa matangazo mpaka chaneli ifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Na ukishavuka hapo, hela haitumwi mpaka ifike dola 100. Kwa hiyo hata wimbo uliopokelewa vizuri mara nyingi unaanza kurudisha kitu baada ya nusu mwaka. Kikoba hakingoji nusu mwaka.

Kinachofuata kinajulikana. Marejesho ya kwanza mama anayatoa kwenye mtaji wa dagaa. Ya pili pia. Mbalamwezi inaingia, hana mzigo wa kuuza, na giza likirudi hana hela ya kununua mzigo mpya wakati wenzake wanajaza magunia. Mwezi wa tatu wadhamini wanaanza kupita nyumbani. Fungua kile kitabu chake kidogo cha hisa uone: mihuri ya hisa alizonunua imejaa ukurasa mpaka ukurasa, halafu inakatika ghafla. Mwanamke aliyekaa miaka kwenye duara lile anaanza kutuma udhuru siku ya kikao. Mtoto hajui, kwa sababu wiki hiyo alikuwa anahesabu watazamaji.

Ushauri wetu kwa hili ni mkali na hatuupunguzi. Usikope hela yenye marejesho mafupi kuliko safari ya wimbo. Usiuze kitu kinacholeta hesabu ya kila siku. Bodaboda, cherehani, friji ya juisi, hivyo ndivyo vinavyolisha nyumba wakati wimbo bado unatafuta masikio. Rekodi sauti tu kwanza, uimbe wimbo huo kwenye shoo tano au sita, Igoma, Buhongwa, Nyakato, popote wanapokukubali, na uangalie kama watu wanaimba kiitikio pamoja nawe mara ya pili kinapokuja. Wasipoimba, video haitawaimbisha. Wakiimba, hela ya video itafute kwenye shoo hizo hizo, hata ikichukua miezi minne.

Shoo nazo zina hesabu yake, na wengi hawaifanyi mpaka wamechoka. Chukua mfano wa shoo ya laki tano kule Magu. Gari na mafuta 120,000. Madansa wanne kwa 40,000 kila mmoja, 160,000. DJ 50,000. Chakula na maji ya watu wote 40,000. Mavazi na kufua 30,000. Hapo imeshatoka 400,000. Meneja ana asilimia 20. Asilimia 20 ya nini? Kama ni ya jumla, anachukua 100,000 na msanii anarudi Mwanza na sifuri, huku mtaani wote wameona picha zake. Kama ni ya kinachobaki baada ya gharama, meneja anapata 20,000 na msanii 80,000. Neno moja kwenye mkataba limebeba nyumba nzima. Tumeona urafiki wa utotoni ukifa kwa sababu ya neno hilo, na aliyeumia si mwizi wala mjinga, ni mtu aliyesaini bila kuuliza. Hela ya kutuzwa jukwaani nayo ikubalianwe kabla ya kupanda, nani anaiokota na inagawanywaje, maana madansa wanaiona ikidondoka na wanaihesabu kichwani.

Chukua nusu ya malipo kabla bango halijatoka, na nusu iliyobaki kabla hujapanda jukwaani. Ukishashuka, utaambiwa mlangoni watu "walikuwa wachache".

Na usirudi usiku. Zamani ukitoka shoo Sengerema au Geita, foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ilikulazimisha upumzike, upende usipende. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 linavukwa kwa dakika chache, na ni jambo jema kwa kila mtu, lakini limewapa wasanii kishawishi cha kuondoka saa tisa usiku ili wawahi studio asubuhi. Dereva wao mara nyingi ndiye aliyebeba spika, akasimama mlangoni, akanywa mbili tatu. Kanuni ni hii: dereva halipwi kwa bia, analala ndani ya gari wakati shoo inaendelea, na shoo ikivuka saa nane usiku timu nzima inalala palepale mpaka kuche. Vyumba vitatu vya gesti viingie kwenye bei ya shoo tangu siku ya mazungumzo, si kwenye mfuko wa msanii.

Sauti ndiyo chombo cha kazi, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko kipaza sauti cha kukodi. Kwenye baa nyingi spika zote zinatazama wateja, msanii anasikia mwangwi tu. Asiyejisikia hupaza, na anayepaza kwa saa nzima huamka amekauka. Omba spika moja ndogo iwekwe chini mbele yako, ikutazame, na muziki ushushwe ndani yake ili usikie sauti yako mwenyewe. Wakikosa, bora upunguze idadi ya nyimbo. Kosa lingine linafanyika studio: wimbo unarekodiwa juu sana, kipande kwa kipande, ukisaidiwa na programu ya kunyoosha sauti, halafu unatakiwa kuuimba mzima mara ishirini kwa mwezi. Chagua ki, yaani kimo cha sauti, ambayo ungeweza kuimba nyimbo kumi mfululizo ukiwa umesimama. Kama ulishakosea, mwambie prodyuza akutengenezee biti ya shoo iliyoshushwa nusu toni mbili au tatu. Hakuna shabiki atakayegundua.

Tangawizi, asali na mayai mabichi havifiki kwenye nyuzi za sauti, vinapita kwenye umio kwenda tumboni. Kinachofika ni mvuke, kwa hiyo kujifukiza maji ya moto matupu kuna maana, na kunywa maji mengi siku nzima kuna maana zaidi kuliko kikombe kimoja kabla ya kupanda. Kunong'ona siku umekauka si kupumzika, kunazikaza nyuzi, nyamaza kabisa. Peremende za kutia ganzi na dawa za maumivu ni hatari kwa sababu zinaondoa onyo huku jeraha likiendelea. Ukikauka wiki tatu bila kurudi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando wapo. Vinundu kwenye nyuzi za sauti vikigundulika mapema, mara nyingi hutibika kwa mapumziko na mazoezi ya sauti. Vikiachwa, kuna wasanii wanaopoteza noti za juu na hawazipati tena, na wanaishia kuimba juu ya rekodi yao ya zamani.

Masikio yanakwenda kimyakimya zaidi. Desibeli 85 zinavumilika saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Kwenye 100, kiwango cha kawaida karibu na spika za ukumbi, ni dakika 15. Masikio yakivuma ukifika nyumbani, hiyo ni bili imeletwa. DJ na fundi mitambo wanaumia kuliko hata muimbaji, na ni nadra kukuta mmoja wao amevaa vizibo.

Kuhusu pombe tutasema machache. Msanii asiye na hela mfukoni bado hupewa bia bure kila usiku, na mwenye baa akishakuzoea hivyo, siku ukidai posho anakuonyesha chupa ulizokunywa. Omba maji jukwaani na hela mkononi.

Kuna kitu kingine kinachopotea bila mtu kuona, nacho ni umiliki wa jina lako mwenyewe. Mwanzoni rafiki anakusaidia kufungua chaneli kwa barua pepe yake, meneja anaweka namba yake ya kurejesha nywila, prodyuza anaupandisha wimbo kwenye akaunti yake ya msambazaji. Wote wana nia njema. Mkikosana baada ya miaka miwili, wewe ndiye uliyebaki nje ya mlango wa nyumba yako. Fungua barua pepe moja ya kazi, kwa laini uliyoisajili wewe kwa kitambulisho chako na alama zako za vidole, na kila kitu kifunguliwe kwa hiyo. Meneja mpe ruhusa ya kusimamia, YouTube inaruhusu kumpa mtu kazi bila kumpa umiliki. Uliza pia msambazaji anatoza vipi, maana wengine wanatoza ada ya mwaka, na ukikosa kulipa nyimbo zinaondolewa pamoja na hesabu ya wasikilizaji uliyoijenga. Biti za bure za mtandaoni ziepuke. Biti hiyo hiyo wameimbia watu wengi duniani, na wa kwanza kuisajili ndiye ambaye mfumo wa YouTube unaweza kumpa mapato ya wimbo wako.

Siku hiyo hiyo ya kurekodi, kabla watu hawajatoka studio, andikeni karatasi ya mgao: jina la wimbo, tarehe, nani ametunga maneno, nani biti, nani ameimba, kila mmoja asilimia ngapi mpaka zifike 100, nani anamiliki rekodi, sahihi na namba za vitambulisho. Tanzania hakimiliki inaanza pale kazi inapotengenezwa, na inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, lakini usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kama msanii hajafika miaka 18, mkataba bila mzazi au mlezi haufai kitu, na mzazi asisaini kwa furaha tu. Aende nao nyumbani, alale nao.

Sasa tuje kwa watu. Wimbo ukianza kupigwa redioni, mizinga inaanza. Mjomba anaomba ada ya mtoto, jirani kodi, mtu mliyesoma naye darasa la nne anataka nauli. Hawana ubaya. Wamekuona kwenye gari zuri kwenye video, hawajui lilikodiwa kwa saa. Msanii anaona aibu kusema hana, anatoa hela ya madansa, na madansa wanaondoka. Inayofanya kazi ni njia ya kapu: kila shoo, asilimia kumi ya kilichobaki inawekwa kando kwa ajili ya ndugu, mtu mmoja wa familia anayeheshimika anaishika, na maombi yote yanakwenda kwake. Kapu likiisha, limeisha mpaka shoo ijayo. Watu wanaelewa neno "kapu limeisha" vizuri kuliko "sina". Na uwe na laini mbili. Ukipokea malipo ya kazi kwa laini ya nyumbani, jina lako kamili la kitambulisho linamtokea kila anayekutumia elfu moja, na namba ikishasambaa hairudi.

Msiba unataka maneno yake pekee. Mtaani kwetu mtu anapimwa kwa kuhudhuria. Msanii anakosa mazishi mawili, matatu kwa sababu ya ratiba, na siku msiba unapoingia kwake anaona mabenchi matupu chini ya turubai. Hilo ni pigo ambalo hakuna wimbo unaolifuta. Lakini hata akienda kuna tatizo: watu wanatoa simu. Kaburi liko wazi, wafiwa wanalia, na vijana wanatafuta pembe ya kumpata kwenye picha. Wanaoliweza jambo hili hufanya hivi. Rambirambi inatumwa mapema, siku ya kwanza, ili jina lisomwe kwenye orodha pamoja na ya wengine. Siku ya mazishi anakuja bila mpambe, bila miwani, anakaa nyuma upande wa wanaume wanaochota maji na kupasua kuni. Halafu anarudi siku ya tatu au ya nne, wageni wameondoka, anakaa na wafiwa saa moja. Saa hiyo moja ndiyo wanayoikumbuka.

Kwa mabinti kuna gharama ambayo wanaume hawatozwi. Kupigiwa wimbo redioni, kolabo, nafasi kwenye tamasha: vingi vinaombewa mwili. Hiyo ina jina, ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja kwenye kifungu cha 25. Hifadhi ujumbe wote, usifute hata wa matusi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, na tarehe iandikwe. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa 113. Kikao chochote cha kazi kiwe mchana, ofisini au mgahawani, na uende na mtu. Anayekasirika kwa sababu umekuja na dada yako amekuonyesha alichotaka. Tunajua binti anayekataa hupoteza nafasi, na hatutamdanganya mtu kwamba hapotezi. Ndiyo maana sisi wenye studio na wenye kumbi tunapaswa kuifungua milango mapema, kabla hajafikishwa hapo.

Kiki nayo tuitaje. Mapenzi ya kuigiza mtandaoni huleta watazamaji kwa siku chache, lakini mwenza wa kweli nyumbani anasoma maoni yale yale na mama mkwe anaulizwa sokoni. Watoto wasiwekwe mtandaoni kabisa, hasa wakiwa wamevaa sare; beji inasoma jina la shule.

Wapo watakaosema dawa ya yote ni kuhamia Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka stendi ya Nyegezi, na mwenye nyumba kule anaweza kukudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla hujaimba hata ubeti mmoja. Kama huna miezi hiyo pamoja na chakula chake, nenda kwa wiki mbili zenye kazi mahususi, rekodi na mahojiano yaliyothibitishwa, urudi. Mashabiki wa Mwanza, Simiyu, Geita na Shinyanga wanatosha kumlisha msanii, na wale wa nyimbo za Kisukuma wamelithibitisha hilo, wanajaza viwanja vya vijijini ambavyo Dar haivijui.

Mbalamwezi yenyewe, basi, inabidi msanii ajitengenezee. Wapo wanaofunga siku nne kila mwezi unapojaa, kwa sababu tarehe yake haibishaniwi na promota yeyote. Laini ya kazi inabaki kwa meneja. Siku ya kwanza ni ya kulala na kunyamaza. Ya pili ni ya daftari: nani anadai, nani anadaiwa, kapu lina kiasi gani, kitabu cha mama cha hisa kimefikia muhuri wa ngapi. Ya tatu ni ya watoto, kuwapeleka shule kwa miguu na kuwafuata. Ya nne wanakwenda Igombe au Kayenze kumsaidia mama kugeuza kwenye vichanja dagaa wa mwisho wa giza lililopita, kabla jua halijawa kali. Mikono ikishanuka dagaa, hakuna anayeomba picha.